Hajulikani Alipo: Wafu na Waliopotea katika Historia ya Nakivale

Mwalimu wetu alitutaka tuandike juu ya jambo la kale ambalo bado linaishi nyumbani kwetu. Wenzangu wa hapa Mbarara waliandika juu ya Bagyendanwa, ngoma ya wafalme wa Ankole. Mimi sina ngoma. Nina mama anayemsikia Papa usiku, na baada ya kufikiri wiki nzima niliona kwamba hiyo nayo ni historia.

Tulitoka Kiwanja, katika wilaya ya Rutshuru, Kongo, mwaka 2008. Nilikuwa na miaka sita. Mwishoni mwa Oktoba wapiganaji wa CNDP wa Laurent Nkunda waliuteka mji, na tarehe 4 Novemba Mai-Mai wakawashambulia. Siku hiyo na ya pili yake wanaume na vijana walitolewa majumbani na kuuawa. Human Rights Watch walihesabu watu wapatao 150, na kambi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa ilikuwa pale pale karibu. Papa alikuwa fundi wa baiskeli. Alitutanguliza kwenye njia ya Ishasha, akasema atafunga kibanda chake kisha atatufuata. Hatujamwona tena. Hakuna aliyemwona amekufa, wala aliyemwona akiwa hai.

Tulivuka mpaka, tukakaa Matanda kwa muda, halafu magari yakatuleta Nakivale. Tulipewa turubai, sufuria na kiwanja. Nadhani ilikuwa mwezi wa pili tukiwa hapo Mama alipoketi kitandani usiku akasema, "Papa yenu amepita." Alikuwa amesikia kengele ya baiskeli, mara mbili fupi na moja ndefu, jinsi alivyozoea kuipiga akirudi kazini. Nilipokua nilimwambia kwamba Nakivale ina baiskeli nyingi. Alinijibu kwamba anazijua zote.

Katika somo la Kiswahili tumejifunza kwamba neno mzimu lina ndugu wengi. Wanyankole husema omuzimu, Waganda vivyo hivyo, na Wanyarwanda husema umuzimu. Sisi Waswahili tuna kuzimu pia, mahali wanapokaa. Wengine darasani waliliunganisha haraka na kitenzi kuzima, kama taa, lakini mwalimu alituonya tusikimbie. Kinachoonekana wazi ni kwamba watu wa eneo hili lote walilirithi neno hilo kwa mababu wamoja, na pamoja nalo wazo kwamba aliyekufa hajaondoka kabisa. Wanyarwanda wa zamani walijenga indaro, kibanda kidogo uani, wakamwekea marehemu chakula na pombe. Desturi hiyo waliiita guterekera. Mzimu ulikuwa na anwani, kwa maneno mengine.

Wakati mwingine sauti za wafu ziliwatisha hata watawala. Huko Kigezi, magharibi ya hapa, watu walimfuata Nyabingi, roho ya mwanamke aliyesemwa kuwa malkia wa zamani. Muhumusa, aliyezungumza kwa niaba yake, alipigana na Wazungu hadi Waingereza walipomkamata mwaka 1911, na alikaa kizuizini mpaka alipofariki Kampala mwaka 1945. Mwaka 1912 serikali ilitunga sheria dhidi ya uchawi. Wamisionari nao walifanya sehemu yao. Ndiyo maana leo kambini ukisema umemsikia marehemu, jirani atakuombea, na wa pili atakunyamazia.

Sasa nirudi Nakivale yenyewe, kwa kuwa ndiyo niliyotaka kuiandika hasa. Kambi ilianzishwa mwaka 1958 na kutangazwa rasmi mwaka 1960. Wa kwanza kujaa humo walikuwa Watutsi waliokimbia mapinduzi ya Rwanda ya 1959. Walikuja na ng'ombe, waliobahatika, na wakaanza kuzika watoto wao kando ya ziwa. Wengine walihama wakaishi vijijini kati ya wenyeji, mpaka Oktoba 1982, enzi ya Obote, walipofukuzwa katika wilaya ya Mbarara kwa makumi ya maelfu. Baadhi walivuka kurudi Rwanda, wengine wakarudi katika kambi hizi za zamani, Nakivale na Orukinga. Kisha mwaka 1994, baada ya mauaji ya kimbari na ushindi wa RPF, wengi wao walirudi kwao. Nyumba ziliachwa. Makaburi yaliachwa pia.

Nilizungumza na mzee mmoja ambaye hakurudi. Alinionyesha mahali, juu kidogo ya shamba la mahindi la Mrundi, penye mawe na minyaa. Alisema wakati ule wa 1994 aliwaona watu wakifunga udongo wa kaburi katika kitambaa na kupanda nao lori. Aliwauliza kwa nini. Walisema hawawezi kumwacha mtu hapa peke yake. Yeye ana mke wake chini ya mawe hayo na ndiyo sababu amebaki, ingawa wanawe wanadhani ni ukaidi. Jioni huenda kumweleza bei ya maziwa.

Nilimwonea wivu, na sioni aibu kuliandika. Ana jiwe la kuzungumza nalo.

Baada yao tulikuja sisi, Wakongo, Wahutu wa Rwanda, Wasomali, Warundi wa 2015, na sasa kambi ina zaidi ya watu laki moja. Wengi wetu tumewaacha wafu ambao hatukuwazika. Msalaba Mwekundu huchukua majina ya waliopotea na kuwatafuta. Mama alimwandikisha Papa miaka mingi iliyopita na bado huenda kuuliza. Nimesoma pia kwamba daktari mmoja wa Wales, Dewi Rees, aliwahoji wajane 293, wake kwa waume, na mwaka 1971 akachapisha matokeo yake. Karibu nusu yao walikuwa wamewahi kumhisi mwenzi wao aliyefariki, wengine kumwona au kumsikia. Hawakuwa wagonjwa, na wengi waliona faraja. Wengi pia hawakuwa wamemwambia mtu. Nilimsomea Mama habari hiyo nikidhani itamfurahisha, kwamba hata Wazungu, hata hivyo.

Alikasirika. "Ile haiko muzimu," alisema. "Muzimu iko ya mutu mwenye alikufaka."

Hapo ndipo nilipomwelewa, nikiwa mtu mzima tayari. Indaro, jiwe la mzee, wajane wa Wales, vyote vinaanza na kifo kinachojulikana. Akikubali kwamba anayepita usiku ni mzimu, amekubali kwamba Papa amekufa. Akisema yu hai, basi hawezi kueleza ni nani anayepiga kengele. Kwa hiyo halipi jambo hilo jina lolote. Wajomba zangu wamemsihi mara mbili tufanye mkesha, tuondoe matanga, apumzike. Amekataa mara mbili.

Mwaka jana swali hilo lilitufikia kwa njia ya karatasi. Niliomba ufadhili wa masomo uliotengewa yatima. Fomu ilitaka cheti cha kifo cha mzazi, au hati ya kiapo. Mtu mmoja anayejua sheria alinieleza kwamba hata bila maiti inawezekana. Sheria ya ushahidi ya Uganda, kama zile za nchi nyingine zilizotawaliwa na Waingereza, inasema mtu akipita miaka saba bila kusikika na wale ambao kwa kawaida wangemsikia, anayedai yu hai ndiye mwenye kuthibitisha. Kwetu ilikuwa imepita miaka kumi na sita. Kilichobaki ni Mama aape mbele ya wakili kwamba mumewe hajasikika.

Nilipanda gari kutoka Mbarara hadi Isingiro, kisha bodaboda mpaka nyumbani, nikamweka fomu mapajani. Nilimtafsiria neno kwa neno. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza kama nataka aape uongo. Alikuwa amemsikia Alhamisi.

Sikumlazimisha. Njiani nikirudi nililia kwa hasira, nakiri. Niliandika kwa mkono wangu, mahali pa cheti, "hajulikani alipo", nikaipeleka hivyo. Ilirudishwa kwa kuwa haikukamilika. Muhula huu nalipiwa nusu na mjomba, na nusu nyingine napata kwa kukaanga chapati Kakoba asubuhi kabla ya vipindi.

Ni huko Kakoba, mwezi wa tatu, nikiwa nimeinama juu ya kikaango kabla hapajapambazuka, nilipoitwa kwa jina la nyumbani, jina ambalo hakuna mtu Mbarara anayelijua. Sauti ilitoka nyuma yangu, upande wa barabara. Niligeuka. Palikuwa na mtu wa maziwa na madebe yake, basi. Mwanafunzi wa historia hatakiwi kuandika zaidi ya alichokiona na kusikia, nami nimesikia jina langu.

Sikumwambia mtu kwa majuma matatu. Nilipokwenda Nakivale nilimwambia Mama. Alikuwa anachambua maharage. Hakushangaa, wala hakulia, wala hakusema "nilikuambia". Aliniuliza ilikuwa saa ngapi, na kama sauti yake imezeeka.

Nikasema ndiyo, kidogo.