Kitawala (usomaji wa Biblia)

Kitawala ni vuguvugu la kidini la Waafrika lililoifasiri Biblia kinyume na mafundisho ya wamisionari. Mizizi yake iko Nyasaland (Malawi ya leo), ambako mhubiri Elliot Kamwana alihubiri na kubatiza maelfu ya watu mnamo 1908–1909. Katika miaka ya 1920 lilivuka hadi Katanga, katika Kongo ya Kibelgiji, na serikali ya Kibelgiji ikalipiga marufuku huko mwaka 1937. Wafuasi waliohamishwa kwa nguvu waliendelea kulieneza walikopelekwa.

Mwaka 1944 Bushiri, mmoja wa wafuasi hao, aliongoza uasi wa Kitawala huko Masisi, mashariki mwa Kongo.

Wahubiri wa Kitawala, wengi wao wasio na cheo cha kanisa, walifundisha kwamba wamisionari waliificha maana halisi ya Maandiko. Vita vya Har-Magedoni katika Ufunuo 16 walivielewa kuwa mwisho wa utawala wa wazungu, na ahadi za Mungu kuwa haki ya Mwafrika pia. Usomaji huo unastahili heshima: uliwapa watu waliolazimishwa kazi na kodi hoja ya kudai utu wao.