Sataranji ya Mapenzi: Mchezo wa Wawili Uliompa Malkia Mbio

Ni siku nyingi sijaandika. Kazi zimenisonga, lakini leo nina kisa.

Mwezi uliopita rafiki yangu mmoja aliye karibu kuoa aliniomba nimwandikie programu ndogo ya simu: mchezo wa ubao wa kuchezwa na wapenzi wawili. Unarusha dadu, unasogea, ukiangukia mraba fulani unajibu swali au unampa mwenzako busu, na mengine ya chumbani ambayo sitayataja kwa sababu mama yangu husoma ukurasa huu. Nikadhani ni kazi ya jioni mbili. Ubao ni safu ya namba, dadu ni namba ya kubahatisha, basi. Kumbe! Nilikwama kwenye mstari mmoja tu: programu itajuaje nani ameshinda? Na katika mapenzi, kushinda ni nini hasa?

Nikikwama huwa nachimba historia. Safari hii nimekuta kwamba swali langu liliwahi kuulizwa zaidi ya miaka 500 iliyopita, na jibu lililotolewa lilihifadhiwa katika shairi ambalo ukilitazama vizuri ni kumbukumbu ya matukio, kama zile ambazo seva huandika zikifanya kazi.

Tuanze na jina. Sataranji tumelipata kutoka kwa Waarabu, nao waliupata mchezo kwa Waajemi, ambao nao waliutoa India ulikoitwa chaturanga. Waarabu hao hao ndio walioufikisha Uhispania, zaidi ya miaka 1000 iliyopita. Kwa hiyo kwa jambo hili Mombasa na Valencia zimechota maji kisima kimoja.

Ubao wa wakati ule haukuwa na malkia. Kando ya mfalme alisimama waziri, aliyeweza kusogea mraba mmoja tu kwa mshazari. Wazungu walimgeuza waziri kuwa malkia, lakini miguu wakamwachia ile ile ya waziri! Mchezo ukawa wa polepole, na mchezo mmoja uliweza kumeza alasiri nzima.

Polepole hiyo iliwafaa wapenzi. Kijana na msichana wa nyumba kubwa hawakuachwa wakae pamoja hivi hivi, ila ubao wa sataranji ulikuwa sababu yenye heshima. Huko Paris, kama mwaka 1300, mafundi wa pembe za ndovu walichonga vifuko vya vioo vya kujitazamia vyenye picha ya mwanamume na mwanamke wakicheza sataranji ndani ya hema. Kimojawapo kiko katika makumbusho ya Louvre hadi leo. Takriban mwaka 1370 likatungwa Ufaransa shairi refu liitwalo Les Échecs amoureux, yaani sataranji ya mapenzi, ambamo kijana anacheza na msichana bustanini. Anayeshindwa ni kijana.

Sasa twende Valencia, takriban mwaka 1475. Washairi watatu, Francí de Castellví, Narcís Vinyoles na Bernat Fenollar, walitunga shairi moja kwa pamoja, Scachs d'amor. Castellví anacheza upande wa Mars anayetongoza, Vinyoles anacheza upande wa Venus anayetongozwa, na Fenollar ni mwamuzi. Kila kete ina maana yake. Kwa Mars, mfalme ni Akili, malkia ni Utashi, ngome ni Tamaa, farasi ni Sifa, maaskofu ni Mawazo. Kwa Venus, mfalme ni Heshima, malkia ni Uzuri, ngome ni Haya, farasi ni Dharau, na maaskofu ni Macho Matamu.

Wapenzi wa hesabu, tazameni mpangilio. Shairi lina beti 64, sawa na miraba ya ubao. Beti 3 ni utangulizi. Halafu kila duru ina beti 3: Mars anasogeza, Venus anasogeza, mwamuzi anaeleza kanuni. Duru kamili ni 20, basi beti 60. Hatua ya 21 ya Mars inamaliza mchezo, na inapewa ubeti mmoja peke yake. 3 + 60 + 1 = 64. Hakuna ubeti uliobaki wala uliopungua. Nani alisema washairi hawajui kuandika programu?

Kwa nini mwamuzi alihitaji ubeti wake kila duru? Kwa sababu kanuni zilikuwa mpya. Huu ndio mchezo wa kwanza tulio nao ulioandikwa ukitumia mwendo wa kisasa: malkia anakwenda mbali atakavyo, pande zote, na askofu anapita mshazari wote. Beti za Fenollar ni maelezo ya toleo jipya, yaliyoandikwa ndani ya programu yenyewe. Nilizinakili hatua zote katika mfumo wa PGN (ule uliobuniwa na Steven J. Edwards mwaka 1993) na kuzipitisha kwenye programu fupi ya Python. Zote ni halali kwa kanuni za leo. Zaidi ya miaka 500, na faili bado linasomeka! Mimi nina diski za mwaka 2003 ambazo hazifunguki.

Lakini kilichonikaa rohoni ni mwisho wake. Katika hatua ya 19 Mars anaweka Wazo mbele ya Macho Matamu. Macho yanashindwa kujizuia, yanalila. Kumbe yalikuwa yamesimama njiani, na yalipoondoka njia ya Tamaa ikawa wazi. Utashi, yule malkia mpya mwenye mbio, akiungwa mkono na Tamaa anamla farasi wa Dharau. Heshima inakimbia mraba mmoja. Hatua ya 21, Utashi anambana, na Heshima haina tena pa kukimbilia. Wakati huo Uzuri, malkia wa Venus, amesimama pembeni na hawezi kufanya lolote.

Ni kazi ya ustadi mkubwa, sikatai. Lakini angalia tena orodha ya wachezaji. Wote watatu ni wanaume. Hata Venus alichezewa na mwanamume. Mwisho ulijulikana kabla kete ya kwanza haijaguswa, kwa sababu kanuni ilikuwa na ushindi wa aina moja tu: heshima ya mwanamke ianguke. Katika ubao uliomfanya malkia kuwa na nguvu kuliko wote, mwanamke mwenyewe hakupewa kiti.

Mchezo mpya ulienea haraka. Mwaka 1497 huko Salamanca, Luis Ramírez de Lucena alichapa kitabu kimoja chenye sehemu mbili, ya kwanza kuhusu mapenzi na ya pili kuhusu sataranji. Mchezo wa zamani na mpya vyote vimo, na ule mpya anauita wa "dama", yaani bibi. Neno hilo la Kihispania na Kireno ndilo hilo hilo tunalolitumia sisi tukicheza dama kwa vifuniko vya soda pale kijiweni. Kila tukisema "tucheze dama" tunamtaja bibi yule bila kujua.

Na kuna kosa la upande wa pili. Mwaka 1927 msanii Marcel Duchamp alimwoa Lydie Sarazin-Levassor. Rafiki yake Man Ray alisimulia kwamba usiku Duchamp alikuwa akikesha na mafumbo ya sataranji, hadi bibi arusi, mume akiwa amelala, akazigundisha kete zote kwenye ubao kwa gundi. Mwaka uliofuata, 1928, waliachana. (Wenzangu mnaokesha na kompyuta huku mtu anawasubiri chumbani, mmesikia?)

Basi, nilirudi kwenye programu ya rafiki yangu na kuufuta ule mstari wa mshindi. Nikaweka kanuni mbili. Kwanza, mchezo unaisha wote wawili wakifika mraba wa mwisho. Atakayetangulia anamrushia mwenzake dadu mpaka afike. Pili, kila mmoja anaweza kuikataa kadi yoyote bila kueleza sababu na bila kurudishwa nyuma.

Rafiki yangu alilalamika kwamba mchezo usio na mshindi hauna utamu. Mchumba wake akachukua simu, akasoma kanuni ya pili mara mbili, akamwambia, "Haya, rusha wewe kwanza."

Tukutane tena Mungu akipenda.