Bastola Mbili za Jeshi la Uingereza: Webley ya 1887 na Glock ya 2013

Neno bastola katika Kiswahili hujumlisha silaha ambazo mwanahistoria hana budi kuzitenganisha. Makala haya yanalinganisha mbili zilizotumiwa na jeshi moja, la Uingereza: Webley, iliyokubaliwa mwaka 1887, na Glock 17, iliyochaguliwa mwaka 2013. Tunadai kwamba tofauti zao si za ufundi tu, kwani kipimo cha risasi nacho hubeba dhana juu ya mtu anayelengwa.

Tuanze na ufundi. Webley ni bastola ya gurudumu lenye vyumba sita vya risasi. Nguvu ya kuligeuza gurudumu hilo hutoka katika mkono wa mpigaji. Risasi moja ikikataa kulipuka, yeye huvuta tena, na chumba kinachofuata hushika nafasi yake. Katika Glock, nguvu ya mlipuko wenyewe ndiyo isukumayo nyuma sehemu ya juu ya silaha. Ganda hutoka, na risasi nyingine hupanda kutoka katika magazini iliyomo ndani ya mpini, yenye risasi 17. Risasi ikikataa, mwendo huo hukatika mpaka mkono uingilie kati. Kiunzi cha Glock ni cha plastiki, na ikiwa tupu haifiki gramu 700, ilhali Webley ya toleo la 1915 ilizidi kilo 1.

Risasi nazo zilitofautiana. Ile ya Webley ilikuwa na kipenyo cha zaidi ya milimita 11, nzito na ya mwendo wa polepole. Ile ya Glock ni ya milimita 9, nyepesi, na kasi yake hupita ya sauti.

Kwa nini risasi nene kiasi hicho? Jibu limo katika vita vya kikoloni vya Afrika na Asia. Mwaka 1898 jeshi lilianza kutumia risasi ya Webley yenye shimo nchani, ili ipanuke mwilini. Mwaka uliofuata, kwenye Mkutano wa Hague, Jenerali John Ardagh, mjumbe wa Uingereza, alitetea risasi za kupanuka kwa hoja kwamba askari wa taifa “lililostaarabika” akijeruhiwa huacha kupigana, bali “mshenzi” huzidi kusonga mbele. Hoja hiyo ilishindwa, na risasi ile ikaondolewa baadaye. Hata hivyo, azimio lililopitishwa liliyafunga mataifa yaliyotia sahihi katika vita baina yao tu. Watu waliotawaliwa walibaki nje ya ulinzi wake.

Katika miaka ya 1930 jeshi lilipunguza kipenyo, likitafuta silaha nyepesi na rahisi kufundishia. Baada ya Vita Kuu ya Pili ikafuata Browning, iliyobuniwa na kiwanda cha Herstal nchini Ubelgiji, yenye risasi 13 za milimita 9. Nayo ndiyo iliyorithiwa na Glock.

Basi atakayeyasoma mabadiliko haya kama maendeleo ya mitambo peke yake atakuwa amesoma nusu ya habari. Milimita zile 11 zilitetewa kwa nadharia ya miili ya watu ambao hawakuwa na mjumbe hata mmoja pale Hague. Yatupasa kuziweka nadharia hizo kando ya vipimo, kila tunapoielezea silaha katika historia ya bara letu.