Detroit na Watoro wa Utumwa

Tusikiapo jina la Detroit, wengi wetu hukumbuka viwanda vya motokaa. Lakini kabla ya motokaa, mji huo wa mpakani mwa Marekani ulijulikana kwa watumwa watoro. Kati yake na Kanada pana mto tu, wala si mpana.

Mwanzoni watoro waliuvuka toka pande zote mbili. Sheria ya Kanada ya Juu ya mwaka 1793 ilikataza kuingiza watumwa wapya, ila waliokuwapo haikuwaachilia. Mwaka 1807 Jaji Augustus Woodward wa Detroit aliamua kuwa watoto wa Peter na Hannah Denison wangali watumwa. Baadaye mwaka huohuo akaamua kwamba watoro watokao Kanada hawatarudishwa. Elizabeth, binti wa Denison, aliona njia: akavuka kwenda Kanada, na baada ya miaka akarejea Detroit, akaishi huru.

Kisa kikubwa ni cha Thornton Blackburn na mkewe Lucie, waliotoroka Kentucky mwaka 1831. Juni 1833 walikamatwa mjini, na hakimu akaamuru warudishwe. Jumapili Bi. Caroline French alikwenda gerezani kumwamkia Lucie, wakabadilishana mavazi. Lucie akatoka mlangoni, akavushwa mto, Bi. Caroline akabaki kifungoni. Kesho yake watu weusi kwa mamia walilizingira gereza wakamnyakua Thornton, na mkuu wa askari akaumizwa vibaya. Marekani ilidai warudishwe. Serikali ya Kanada ya Juu ikakataa, kwa kuwa kuukimbia utumwa hakukuwa kosa katika sheria zake.

Deni lililipwa na waliobaki. Watu weusi wa Detroit walikatazwa kutembea usiku pasipo taa, wakadaiwa dhamana ya dola 500, na wengi wakahamia Kanada. Mji husifiwa leo kwa ukarimu. Sisi twaona sifa hiyo ni ya hao, maana dola ya mji ilikuwa upande wa mabwana.

Hawakukoma hata hivyo. Mwaka 1836 watu 13 waliokuwa watumwa walianzisha kanisa la Second Baptist, likawa maficho ya watoro. Naye George DeBaptiste alinunua meli, T. Whitney. Kwa vile mtu mweusi hakuruhusiwa kuwa nahodha, aliajiri mzungu aiendeshe, na watoro wakavuka humo pamoja na mizigo.