Feni za Nyongeza: Historia ya Kupoza Kompyuta Zilizopandishwa Kasi

Kompyuta za mezani za mwanzo hazikuwa na shida kubwa ya joto. IBM PC ya mwaka 1981 ilitumia prosesa ya Intel 8088 yenye kasi ya megahezi 4.77, na prosesa hiyo ilikaa wazi kwenye madabodi bila feni juu yake. Feni pekee ilikuwa ndani ya pawasaplai, ikitoa hewa ya moto ya kasha zima. Hali ilibadilika katika miaka ya 1990. Prosesa za 486 zenye kasi kubwa zilianza kuvishwa hitsinki, yaani kipande cha alumini chenye mapezi kinachopokea joto na kulitawanya hewani. Ilipotoka Pentium mwaka 1993, hitsinki ilikuwa ya lazima, na mara nyingi ilifungwa feni yake ndogo.

Kupandisha kasi ya prosesa kupita kiwango cha kiwandani kulianza kabla ya hapo. Wenye IBM PC AT ya mwaka 1984, iliyokwenda kwa megahezi 6, waliing'oa kristali inayotoa mapigo ya saa na kuweka nyingine, mashine ikafika megahezi 8. Baadaye kazi hiyo ilifanywa kwa kuhamisha jampa, yaani kiunganishi kidogo cha pini, kwenye madabodi. Kilichoifanya ienee ni Celeron 300A, prosesa ya bei nafuu iliyotolewa na Intel mwaka 1998. Ilipangiwa megahezi 300, lakini nyingi zilikubali kwenda 450 pale mapigo ya madabodi yalipotolewa 66 na kupelekwa 100. Madabodi ya ABIT BH6 ilirahisisha jambo hilo, kwa kuwa kasi na volti zilibadilishwa kwenye skrini bila kufungua kasha.

Malipo ya kasi hiyo yalikuwa joto. Umeme unaotumiwa na prosesa huongezeka sambamba na kasi yake, na pia kwa kipeo cha pili cha volti. Celeron iliyotoka megahezi 300 hadi 450 ilizidisha matumizi kwa nusu hata kama volti hazikuguswa. Mtumiaji aliyepandisha volti kutoka 2.0 hadi 2.2 ili mashine itulie alifikisha ongezeko la takriban asilimia 80, na karibu umeme wote huo uligeuka joto. Lisipoondolewa, kompyuta hukwama au hujizima.

Jibu la kwanza lilikuwa kuongeza feni kwenye hitsinki yenyewe. Punde ikabainika kuwa haitoshi. Feni ya hitsinki hulihamisha joto kutoka kwenye prosesa hadi kwenye hewa ya ndani ya kasha, na hewa hiyo isipotoka, feni huizungusha ileile ikizidi kuwa ya moto. Mpangilio wa kasha na madabodi uitwao ATX, uliotolewa na Intel mwaka 1995, ulikuwa umekusudia feni ya pawasaplai ivute hewa ya nje na kuielekeza kwenye prosesa. Njia hiyo ilikuwa na kasoro: hewa ilipashwa moto na pawasaplai kabla ya kufika, na vumbi liliingia nayo. Mwelekeo ukageuzwa, feni ikawa ya kutoa.

Hapo ndipo wapandishaji kasi walipogeukia kasha. Makasha mengi ya wakati huo hayakuwa na nafasi ya kutosha ya feni, hivyo walitoboa bati la ubavuni na la juu kwa msumeno wa duara, kisha wakafunga feni za milimita 80. Uzoefu uliwafunza utaratibu ambao bado unafuatwa: hewa baridi iingie mbele upande wa chini, ipite kwenye diski, kadi ya picha na prosesa, itokee nyuma na juu. Feni mbili zenye njia iliyonyooka zilishinda nne zinazopingana. Hata hivyo, feni ina mpaka: haiwezi kuishusha prosesa chini ya joto la chumba.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 tatizo likawa kelele. Prosesa za AMD Athlon zilipozwa kwa feni za milimita 60, baadhi zikizunguka mara 7,000 kwa dakika. Wengine walizipunguza mwendo kwa kuziunganisha kati ya waya wa volti 12 na wa volti 5 ili zipate volti 7. Suluhisho la kudumu lilikuwa feni ya milimita 120, ambayo eneo lake ni zaidi ya mara mbili ya ile ya 80 na hivyo husukuma hewa nyingi ikizunguka polepole. Feni za waya nne, ambazo madabodi huzipangia mwendo kulingana na joto, zikakamilisha kazi hiyo.

Viwanda navyo vilifuata. Pentium 4 ya mwaka 2004, iliyojulikana kama Prescott, ilifikia wati 115 bila kupandishwa kasi. Mwaka huohuo Intel ilileta mpangilio wa BTX uliolenga kunyoosha njia ya hewa. Haukudumu, lakini makasha ya ATX yaliongezewa matundu na nafasi za feni kubwa. Tangu mwaka 2008, kwa teknolojia ya Turbo Boost, prosesa za Intel hujipandisha kasi zenyewe kadiri joto na umeme vinavyoruhusu. Kwa hiyo mtiririko mzuri wa hewa, uliokuwa hitaji la wapandishaji kasi peke yao, sasa huamua kasi ya kompyuta ambayo mwenyewe hajagusa mpangilio wowote.