Urefu si Position: Jinsi ya Kujua Namba ya Kijana wa Basketi, Kutoka Kitale Hadi Bungoma

Kila shule iko na huyo msee. Anaingia sekondari, suruali imeshaishia juu ya kifundo cha mguu, na siku ya kwanza akikanyaga korti kocha hata hamuulizi anajua nini. Anaonyeshwa tu kidole: "Wewe simama hapo chini ya ringi." Basi. Hiyo ndiyo kazi yake mpaka amalize shule.

Tuseme huyo kijana ako Kitale, miaka 16, futi 6 na inchi 4. Mbogi moja inasema ni senta, juu hakuna mtu anamfikia na ribaundi zote ni zake. Mbogi ingine inasema aachwe acheze nje, ashike mpira. Shuka na barabara kupitia Kiminini na Kamukuywa mpaka Webuye, ingia Bungoma, utapata bishano ni hiyo hiyo, jina la kijana tu ndilo limebadilika.

Wote wako na point, lakini wanajibu maswali tofauti. Wa kwanza wanauliza shule itashindaje Jumamosi. Wa pili wanauliza kijana atakuwa nani akiwa na miaka 23. Ka unataka kujua ka msee anaweza lipwa kucheza basketi, swali la pili ndilo la maana.

Namba 1 hadi 5, chap chap

Namba 1 ni pointi gadi, yule dereva. Anapandisha mpira na kuamua nani anaupata. Namba 2 ni gadi wa kurusha. Namba 3 ni winga, anafanya kidogo ya kila kitu na mara nyingi anapewa kazi ya kumkaba mkali wa timu ingine. Namba 4 ni fowadi mwenye nguvu. Namba 5 ni senta, askari wa ringi.

Siku hizi hizi namba zimechanganyika. Nikola Jokić ni senta na bado anapiga pasi kushinda magadi wengi. Magic Johnson, futi 6 na inchi 9, alikuwa pointi gadi, na kwa fainali za NBA za 1980, mechi ya 6, alianza ka senta akafunga pointi 42. Kwa hivyo usiulize tu "ni namba gani?" Uliza "anaweza kukaba nani, na akishika mpira anaamua nini?"

Mrefu wa hapa ni mfupi wa huko

Hapa ndipo vijana wengi hupotea. Mchezaji wa kawaida wa NBA ana karibu futi 6 na inchi 6. Huyo kijana wetu wa 6'4", jitu la Trans Nzoia, huko ni mfupi. Akifika amecheza miaka yote akipea ringi mgongo, hajui kudribo na mkono wa kushoto na hajawahi kurusha kutoka mita 6.75, ataambiwa kitu moja tu: wewe ni mfupi sana kuwa senta, na hujui kazi ya gadi. Hapo stori imeisha. Kipaji kilikuwa, lakini kilifundishwa kazi ambayo haimtoshi.

Cheki hawa watatu.

Madina Okot ana futi 6 na inchi 6, karibu sentimita 198. Alipitia Kaya Tiwi kule Kwale, akacheza Zetech, halafu akaenda Mississippi State huko Marekani. Msimu wa 2024-25 alikuwa na wastani wa takriban pointi 11 na ribaundi karibu 10 kila mechi, kisha akahamia South Carolina, moja ya timu kubwa kabisa za vyuo. Madina ni senta kamili, juu kwa basketi ya wanawake urefu wake ni mkubwa popote duniani.

Tylor Ongwae ana futi 6 na inchi 7. Tofauti yao ni inchi moja tu, lakini yeye ni winga. Alipitia vyuo vya Marekani, akamaliza Louisiana-Monroe, halafu akalipwa kucheza Ulaya, ikiwemo Bakken Bears ya Denmark. Februari 2021 kule Yaoundé, ni yeye alirusha ule mpira wa mwisho uliozamisha Angola 74-73. Kenya ikarudi AfroBasket mara ya kwanza tangu 1993. Ule haukuwa mpira wa mtu aliyefundishwa kusimama chini ya ringi.

Khaman Maluach ana futi 7 na inchi 2. Alizaliwa Rumbek, Sudan Kusini, akakulia Kawempe, Kampala. Akapita NBA Academy Africa kule Senegal, akachezea Sudan Kusini kwa Olimpiki ya Paris 2024 akiwa miaka 17, akaenda Duke, na 2025 akachukuliwa namba 10 kwa drafti ya NBA. Huyo ndiye saizi ya senta wa wanaume huko juu.

Ukimlinganisha kijana wetu na hao, jibu linajitokeza. Ka ni msichana wa 6'4", mpe kazi za ndani bila kuogopa, na umwongezee mkono wa kurusha. Ka ni boy wa 6'4", leo anaweza kuisaidia shule ndani, lakini mazoezi yake lazima yawe ya namba 2 na namba 3.

Na mwili bado unaweza kubadilika. Anthony Davis alianza high school akiwa gadi, akarefuka mpaka 6'10" na ujuzi wa gadi ukabaki. 2012 akachukuliwa namba 1. Kijana aliyejifunza kazi za nje akirefuka anakuwa noma. Aliyejifunza za ndani peke yake asiporefuka, amebaki pale pale.

Mpime mwenyewe

Huhitaji mashine. Unahitaji korti, mpira, tepu ya fundi nguo na daftari.

Mikono: anyooshe yote miwili, pima kidole hadi kidole. Ikipita urefu wake kwa inchi 3 au 4, anaweza kukaba watu warefu kumshinda.

Miguu: mwekee gadi mdogo na mwenye kasi kuliko wote. Akimzuia mara tatu kati ya tano bila kushikashika, huyo si wa kufungiwa ndani.

Mkono dhaifu: apandishe mpira korti nzima, mita 28, na mkono asiotumia, mtu akimsumbua. Akipoteza kila mara, umejua kazi ya likizo.

Mipira ya adhabu: arushe 50 kwa siku tano tofauti, uandike. Hii ndiyo inaonyesha mkono wa kurusha kuliko kitu kingine. Anayepata 35 anaweza kufundishwa kurusha mbali. Anayepata 20 aanze na mkao wa mkono kwanza.

Macho: akikabwa na watu wawili, anaona mwenzake aliye wazi ama analazimisha? Hii hata urefu haisaidii.

Rudia baada ya miezi mitatu. Namba za siku moja ni picha, za mwaka mzima ndizo stori.

Shida ya mpaka wa michezo

Kitale na Kimilili ni safari fupi ya matatu. Lakini kwa michezo ya shule, Trans Nzoia iko Bonde la Ufa na Bungoma iko Magharibi, kwa hivyo wakali wa pande hizi mbili hawakutani kwa mashindano rasmi mpaka kitaifa. Na basketi ni ya muhula wa kwanza. Shule ikitolewa mapema, msimu wa kijana umeisha kabla hata mahindi hayajapaliliwa.

Ndio maana mechi za kirafiki ni muhimu sana. Walimu wa Kitale na Bungoma wakipanga mechi moja kila mwezi, kijana wetu atapata mtu wa kimo chake wa kumsumbua. Na kwa hizo mechi, ambazo hakuna kombe, kocha anaweza kumwacha acheze nje, apoteze mipira, ajifunze. Chukua video ya mechi nzima, si danki peke yake. Anayetafuta mchezaji anataka kuona pia venye msee anarudi kukaba akiwa amechoka.

Je, atalipwa?

Tuongee ukweli. Wengi hawatafika NBA, na hiyo si aibu. Kuna ngazi kadhaa. Ya kwanza ni kulipiwa karo, shule ama chuo ikikutaka kwa timu. Hiyo pekee imeondolea wazazi wengi mzigo. Ya pili ni ligi ya Kenya, ambapo timu ka Ulinzi na KPA zimefungwa na ajira. Ya tatu ni Basketball Africa League, iliyoanza 2021. Nairobi City Thunder iliingia 2025, klabu ya kwanza ya Kenya kufika huko. Ya nne ni vyuo vya Marekani na ligi za Ulaya, njia ya Ongwae.

Kwa vyuo vya Marekani, matokeo ya shule yanaangaliwa ka vile ribaundi zinaangaliwa. Ukitupa vitabu, umejifungia mlango mwenyewe hata ukiwa na futi 7.

Kwa hivyo jibu la bishano? Kijana wa 6'4" ni winga anayeazimwa ka senta. Kocha, mwazime, lakini mrudishe. Mpe nusu ya mazoezi nje. Na wewe kijana unayesoma hii na suruali fupi: kesho fika korti dakika 30 kabla ya wengine, shika mpira na mkono wa kushoto, anza kutembea nao. Hakuna kocha anakataza hiyo.