Sonda lambda ya bendi pana: kwa nini inasawazishwa kwa hewa safi

Sonda lambda ni kipande kidogo kinachofungwa kwenye eshapema ya gari. Kazi yake ni kupima oksijeni ndani ya moshi, ili fundi ajue kama motere inapata esanse nyingi ao kidogo. Sonda ya kawaida inasema tu "imezidi" ao "imepunguka". Ile ya bendi pana inatoa namba kamili, njo maana mafundi wa reglaje wanaitafuta.

Namba ya katikati ni lambda 1: karibu kilo 14,7 za hewa kwa kilo 1 ya esanse. Chini ya 1, esanse imezidi. Juu ya 1, hewa imezidi.

Sonda ikizeeka, namba zake zinaanza kudanganya. Kwa hiyo aina kama Bosch LSU 4.2 inaombwa kusawazishwa mara kwa mara, hivi:

1. Toa sonda kwenye eshapema, motere ikiwa imepoa.
2. Iunge na kifaa chake, kisha uining'inize inje, mbali na moshi na harufu ya esanse.
3. Acha ipate moto. Inapita digri 700, usiiguse.
4. Anzisha usawazishaji. Kifaa kitachukua oksijeni ya hewa, asilimia 20,9, kuwa alama yake.

Wakaaji wa Bukavu, Goma ao Butembo wanaweza kuuliza kama hewa ya milimani inaharibu kipimo. Asilimia ya oksijeni ni ileile. Kinachopunguka ni presha ya hewa. Ni vizuri basi kusawazisha pale gari inapofanya kazi.

Hatari kubwa ni kufanya kazi hiyo ndani ya garaji yenye moshi. Kifaa kinachukua hewa chafu kama safi, kisha kinakuza namba. Gari ikipanda mlima na mzigo, kinaweza kuonyesha esanse nyingi kuliko iliyopo. Fundi anapunguza, na pistoni inaungua. Tena, moshi katika nyumba iliyofungwa unaua watu.

LSU 4.9 inapimwa kiwandani, na vifaa vingi havidai hatua hizi: fuata karatasi ya kifaa. Kwa aina zote, sonda isiachwe kwenye eshapema bila umeme motere ikizunguka, kwani masizi yanaiharibu mbio.